Goti Lililosemwa Barazani

Mliniacha nimesimama kati ya kitanda na dirisha, sahani ya wali mkononi, na Sanatan Mandi ananitazama usoni. Kile kipande cha gazeti chenye habari za goti lake alichokitoa kwenye mfuko wa shati kilikuwa kimelainika kwa jasho. Swali lake mnalikumbuka.

"Kaka Poltu, wewe si unafanya kazi pale kwa daktari wa eksirei? Nani aliyatoa maneno haya?"

Wiki nzima mmeniandikia barua. Mmoja kanishauri nikiri papo hapo yaishe. Mwingine kasema mtu kama mimi afungiwe chumbani na nyuki. Nimewasikia wote, na mwenye nyuki ndiye aliyenielewa zaidi. Lakini siku ile sikukiri. Nilisema hivi:

"Pale wanaingia watu wengi, Sanatan. Mimi nitamjuaje?"

Kisha nikamwekea wali wake mbele.

Kwa aliyelipata gazeti hili leo limefungiwa samaki, nimweleze upesi. Sanatan ni kiungo, kijana wa miaka ishirini na nne kutoka vijiji vya Jhargram, anachezea timu ndogo ya ng'ambo ya mto. Hapa Kolkata mwezi wa nne ndio mwezi wa kuhama. Mchezaji anakwenda mwenyewe ofisi ya chama cha mpira, anasaini mbele ya karani, na akishasaini hatoki. Kwa hiyo klabu zinaibiana watu njiani, na ukimpata mtu wako unamficha kwa shabiki mpaka siku ya kusaini. Klabu yetu, Jorapukur Sangha, ilimtaka Sanatan. Garden, wale mahasimu wetu, walimtaka pia. Basi Haradhan, mkata tiketi wa tramu na mkuu wa mashabiki wa mtaa wetu, akamleta kwa siri kwa riksho, kamfunika sari nyekundu kama bibi harusi.

Akamleta kwangu! Kwangu mimi, niliyeuambia mtaa mzima kwamba goti la Sanatan Mandi limekwisha.

"Ndiyo maana yake," Haradhan aliniambia pale ngazini, anacheka. "Nani atakuja kumtafuta Sanatan kwa Poltu? Mji wote unajua unavyomponda."

Haradhan hakumwambia mgeni hayo. Nami sikumwambia. Ikawa siku ya tatu, siku ya mwisho ya kuhama, ofisi inafungwa saa kumi na moja jioni, na mtu niliyemharibia jina anakula nyumbani kwangu.

"Kula, baba," mama yangu akamwambia, anaingia na bakuli la samaki wa haradali. Mama mwenyewe, kwa mila ya wajane wa kwetu, hagusi samaki tangu baba afe. Lakini kwa siku tatu zile alimpikia Sanatan asubuhi na jioni, akasimama mlangoni kuhakikisha amekula. "Unakula kama ndege. Huko kwenu mama yako atasema nimekunyima."

"Mama yangu akionja hiki atahamia hapa," Sanatan akasema. Mama akacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Saa nane umeme ukakatika, kama kawaida. Pangaboi likazunguka mara tatu za mwisho likasimama. Na umeme ukikatika katika mtaa wetu, wanaume wote wanatoka nje kukaa baraza. Na baraza ya mtaa, wasomaji wangu, ni ile ya nyumba yetu. Iko chini ya dirisha langu hasa. Mbao za dirisha zilikuwa zimefungwa, lakini mbao hazizuii sauti.

Wa kwanza kufika alikuwa Gora, muuza samaki. Sauti ya Gora haihitaji kipaza.

"Mimi nasema asajiliwe leo leo! Katikati yetu pana shimo. Bablu akipewa mpira anaangalia kwanza kama mama yake yuko jukwaani."

"Koma, Gora!" Huyo ni Nitai, mshona nguo. "Bablu mtoto wa mtaa. Damu yetu. Huyo Mandi ni mpita njia. Mwakani Garden wakimpungia mkono, kwaheri."

"Damu inapiga pasi? Damu inakaba? Uliiona ile pasi aliyotupigia sisi mwezi wa tisa? Mabeki wetu wanne wamebaki wanasalimiana!"

Watu wakacheka. Ndani humu, Sanatan alicheka pia, mkono mdomoni, macho yanang'aa. Akaninong'oneza, "Ile ilikuwa bahati tu. Nilitaka kumpa mwingine." Nikatikisa kichwa kama mtu mwenye amani zake.

"Nakubali," Nitai akasema nje. "Nakubali anajua. Anautuliza mpira, anaona mbali, hana papara. Sasa niambie goti."

"Tena goti!"

"Goti, ndiyo! Tununue galasa? Acheze mechi tano, mechi ya sita tumbebe kwa machela? Gora, wewe samaki aliyeoza unamjua kwa kumtazama shavu. Goti utalijuaje?"

Nikaenda dirishani. Nikakohoa kwa nguvu. Nikasema, "Sanatan, twende chumba cha nyuma, kuna hewa."

"Hapa pazuri," akasema. "Ngoja kidogo. Napenda kuwasikia."

Jamani. Angekubali tu kuhama chumba!

"Hebu tuulize upya," mtu mmoja akasema nje. "Hii habari ya goti ilianzia wapi?"

"Ilianzia hapo ulipokaa," Gora akajibu. "Hukuwepo? Ulikosa sinema. Tulikuwa tunabishana hivi hivi. Mimi namtaka Mandi, Poltu anamtaka Bablu. Nikambana Poltu, nikambana, mpaka nikamuuliza, wewe Poltu mpira umewahi kuugusa lini, zaidi ya kumwokotea kipa? Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mara Poltu akasimama, hivi."

Nilijua anafanya nini bila kumwona. Alisimama, akavuta pumzi, akatoa kifua, akanyoosha kidole kama ninavyonyoosha mimi. Akatoa sauti yangu, ile ninayoitoa nikiwa nimeshikwa.

"'Nyinyi mnajua nini? Goti la Mandi limekwisha! Mfupa unasaga mfupa. Picha yake nimeiosha mimi, kwa mikono hii!'"

Kicheko. Makofi. Mtu akasema, "Poltu kabisa!"

"Tukanyamaza wote," Gora akaendelea. "Siku ile Poltu alishinda. Alikunywa chai vikombe vitatu hapa, kila mtu anamnunulia. Baada ya siku mbili shemeji yake Nitai akaitia gazetini."

Niseme ukweli, maana ndicho kilichobaki. Ile chai ilikuwa tamu. Miaka yote nakaa baraza ile mimi ndiye wa kukatizwa maneno. Jioni ile mwanamume mzima Haradhan alinisogezea nafasi nikae katikati. Na mimi nikakaa.

Nyuma yangu sahani iliwekwa chini. Sikugeuka.

"Kumbe ni wewe," Sanatan akasema.

Laiti angenipiga. Kiungo yule ana mikono ya mtu aliyelima, angenivunja taya na ningeshukuru. Hakunyanyuka hata pale alipokaa. Alikuwa anaukunja tu kile kipande cha gazeti, mara mbili, mara nne.

"Sanatan, ndugu yangu, nilikuwa nimebanwa. Mabishano ya mpira unayajua. Sikujua yatafika..."

"Siku tatu nakula kwenu," akasema. "Nimekuuliza leo, ukanitazama, ukaniwekea wali."

Mlangoni mama alikuwa amesimama na jagi la maji. Alisikia yote, ya nje na ya ndani. Alilishusha lile jagi sakafuni pole pole, kama mtu anayemlaza mtoto, akanitazama mara moja tu.

"Halafu, kaka Poltu," Sanatan akasema, "lile goti si langu."

"Si lako vipi? Bahasha ilikuwa na jina lako. Sanatan Mandi, goti la kulia. Niliisoma mwenyewe."

"Mimi sijapigwa eksirei tangu nizaliwe. Ni mama yangu." Akajifuta uso na bega la shati. "Hawezi kuchuchumaa, hawezi kubeba maji. Ameng'oa mpunga miaka arobaini amesimama matopeni. Daktari wa timu anatibu wachezaji peke yao. Nikamwambia goti langu linauma, akaniandikia karatasi ya kupigwa picha. Mama akaja na treni, akapigwa kwa karatasi yangu. Ndiyo wizi wangu huo. Sasa na wewe unaujua."

Nikakaa sakafuni. 

"Nikarudi mara mbili kuichukua ile picha," akaendelea. "Yule dada wa mapokezi akasema haionekani. Daktari wa mifupa naye kasema bila picha hamgusi. Wiki ya sita hii mama anangoja. Kila mwisho wa wiki anaagiza mtu, picha imepatikana? Namjibu bado."

Wasomaji wangu, hapa kalamu inaniwia nzito. Ile picha haikupotea. Niliichukua mimi. Baada ya ushindi wangu wa barazani niliogopa Gora atasema natunga, nikaibeba nyumbani ili nikidaiwa ushahidi niutoe. Niliisukumiza chini ya godoro langu. Lile godoro nililompa mgeni. Sanatan alikuwa amelala juu ya goti la mama yake siku tatu.

Nikainuka, nikainua ncha ya godoro, nikaitoa ile bahasha ya kaki. Nikampa kwa mikono miwili.

 Aliifungua, akaiinua picha kwenye mistari ya mwanga inayopenya mbao za dirisha. Nikaitazama naye. 

Miaka kumi na mmoja naosha picha za mifupa. Nazijua. Mfupa wa kijana una ukingo safi, na mfupa wa mwanamke ni mwembamba. Ile ilikuwa mifupa midogo, imechakaa, imeota vijipembe, ya mtu wa miaka sitini. Mwanafunzi wa wiki moja angejua si mguu wa mchezaji. Mimi sikujua kwa sababu sikuitazama. Nilisoma jina la mtu maarufu kwenye bahasha, nikakimbilia baraza.

"Maskini," mama akasema nyuma yetu. Alikuwa amesogea, anaitazama picha naye. "Hili linauma hasa ukipanda ngazi. Anajifunga kitambaa?"

"Anajifunga, mama."

"Mwambie apashe chumvi kwenye sufuria kavu, aifunge humo." Kisha akanigeukia. "Na wewe umelifanyia mchezo."

Honi ikapigwa uchochoroni. Watu wa baraza wakainuka wote kwa kishindo. Sauti ya Haradhan ikapaa juu ya zote: "Pisheni! Pisheni katibu apite!"

Bwana Lahiri, wakili, katibu wa Jorapukur Sangha. Amekuja kumchukua mtu wake.

Sanatan akairudisha picha kwenye bahasha, akaninyooshea.

"Sikiliza," akasema upesi. "Wakijua ni ya mama yangu, nimekwisha. Timu yangu itanishtaki kwa ile karatasi, chama kitanifungia mwaka mzima, na mama atachekwa na mashabiki kila uwanja nitakaocheza. Wakidhani ni yangu, nimekwisha vilevile. Tafuta la kusema, kaka Poltu. Wewe ndiye mwenye maneno."

Nikairudisha bahasha chini ya godoro, nikatoka nje.

Jua lilikuwa limewaka vibaya. Watu kama arobaini walikuwa wamejaa mbele ya nyumba. Bwana Lahiri alisimama kando ya gari lake jeusi, kiatu kinang'aa, anajipepea kwa jalada la kesi ya mtu.

"Ndiye huyu?" akamuuliza Haradhan.

"Ndiye huyu, bwana. Poltu."

"Bwana Poltu," Lahiri akasema, mpole kabisa, "saa tisa na robo sasa. Nina saa moja na dakika arobaini na tano. Kamati inamtaka kijana. Mimi namtaka. Lakini nikimsajili kiwete, hawa," akazungusha mkono kuwaonyesha watu wote arobaini, "watachoma hema la ofisi ya klabu. Na wana haki. Ile picha uliyoiona, iko wapi?"

"Apigwe nyingine!" Gora akapiga kelele. "Sasa hivi! Tumwone kwa macho yetu!"

"Kwa umeme upi, wewe?" Nitai akamjibu. "Mashine zote zimelala mpaka saa mbili usiku."

"Basi aletwe akimbie hapa mtaani tumtazame!"

"Goti bovu linakimbia vizuri tu," Lahiri akasema. "Linakusaliti mechi ya sita. Bwana Poltu, nakungoja."

Wote wakanyamaza wananitazama. Ilikuwa baraza ile ile na watu wale wale. Niliwaza jinsi nilivyokipenda kile kimya mara ya kwanza.

"Hakuna picha," nikasema.

"Sema tena?"

"Nilisema uongo. Gora alinicheka, nikatunga. Sikuona picha yoyote. Goti la Sanatan zima."

Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Halafu Gora akapiga paja lake. "Nilijua! Mimi nilijua! Kudadeki, vikombe vitatu vya chai!" Nitai, ambaye shemeji yake aliandika gazetini, alibadilika rangi. Akaja mpaka mbele yangu. Nilidhani ataniambia kitu, lakini alitema mate karibu na kidole changu cha mguu, akarudi alikotoka. Haradhan aliinamisha macho. Yule ndiye aliyenisogezea nafasi.

Bwana Lahiri peke yake hakutikisika. Wakili ni wakili.

"Mtu aliyedanganya juzi," akasema, "leo namwamini kwa lipi? Labda juzi ndiyo kweli, na leo Garden wamekulisha. Hapana. Mama yako yupo?"

 Kwetu mtu akiapa uongo ameshika kichwa cha mwenzake, anayekufa si mwapaji. Anayekufa ni mwenye kichwa. Nimemwona mwizi wa baiskeli, mtu asiyeogopa polisi wala jela, akaambiwa ashike kichwa cha mwanawe, akalia na kuitoa baiskeli.

"Bwana Lahiri," nikasema, "mama yangu mzee. Mwacheni."

"Nipo," mama akasema.

Alikuwa ameshatoka mlangoni. Alishuka ngazi mbili kwa sari yake nyeupe, mkono kwenye ukuta, akaja akasimama mbele yangu. Akajifunua kichwa mbele ya wanaume arobaini. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa fupi, mvi tupu. Hajawahi kutoka hivyo mbele ya watu tangu nimjue.

"Weka mkono, Poltu," akasema.

"Mama..."

"Weka. Watu wana haraka."

Nikaweka. Kichwa chake kilikuwa cha moto kwa jua, kidogo kuliko nilivyodhani. Nikapata wazo, na naona aibu kuwaambia kwamba nililifurahia. Nitasema hakuna picha ya goti la Sanatan. Si kweli hiyo? Goti si la Sanatan! Nitaapa kweli tupu na mama hatadhurika.

"Naapa kwa kichwa cha mama yangu," nikaanza, "kwamba hakuna picha ya goti la..."

"Hapana," Lahiri akanikata. "Useme ninavyokwambia mimi. Sikupata kuosha, wala kuona, wala kushika picha yoyote yenye jina la Sanatan Mandi."

Mlango wangu wa kutokea ukafungwa. Nilimtazama mama. Alikuwa ameinamisha kichwa, namwona kisogo tu. Akasema kwa sauti ya kunifikia mimi peke yangu, "Sema, baba. Yule mwenzangu hawezi kubeba maji."

Nikasema. Neno kwa neno, mkono wangu juu ya kichwa chake. Sikupata kuosha, wala kuona, wala kushika.

"Imetosha," Bwana Lahiri akasema, akafungua mlango wa gari. "Mleteni."

Basi mkasikia kelele! Watu wa baraza walipomwona Sanatan anatoka ndani ya nyumba yangu, kumbe alikuwa nyuma ya mbao za dirisha siku tatu zote, walipagawa. Gora alimbeba juu juu. Nitai alisahau habari za Bablu, akamshika goti lile la kulia, akalibusu. "Zima! Zima kabisa!" Sanatan hakucheka. Alijitoa mikononi mwao, akaja kwa mama, akainama akamgusa miguu kwa mikono miwili kumpa heshima, akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyopasa. Aliponipita mimi macho yake yalikuwa mekundu. 

Gari likaondoka, Haradhan kakaa mbele na dereva, Gora na wenzake wakalifuata mbio wanaimba mpaka barabara kuu. Barazani nikabaki mimi na mama. Hata muuza chai alihamisha jiko lake, akaenda upande wa pili.

Mama akajifunika kichwa. Akakaa kwenye baraza, mahali pa wanaume, ambapo hajakaa maisha yake yote.

"Unajisikiaje, mama?" nikamuuliza. Swali la kijinga lile! Lakini nilikuwa namtazama anavyopumua.

"Sijafa bado."

"Mama, nisamehe."

"Kesho kuna treni ya saa ngapi ya Jhargram?"

"Ya alfajiri. Kwa nini?"

"Ile picha huitumi kwa mtu. Unaipeleka mwenyewe, kwa mkono wako, kwa yule mama. Na unamwambia kwa mdomo wako ilikuwa wapi wiki sita." Akanyoosha upindo wa sari magotini. "Nami nakuja. Nataka nimwone mwanamke niliyempa kichwa changu. Tutakunywa chai, mimi na yeye. Wewe utakaa nje."

Nikasema ndiyo, mama. Nikamwambia nitampikia mimi jioni ile, apumzike. Akanitazama kwa namna ambayo nilikwenda kuchota maji bila kutumwa.

Nilikuwa bado bombani, ndoo haijajaa nusu, niliposikia miguu inakimbia. Haradhan. Shati limelowa, kiatu kimoja hana, na nyuma yake Gora, Nitai na lile kundi lote, hawaimbi tena.

"Ameshuka!" Haradhan akapiga kelele tangu mbali. "Sanatan ameshuka kwenye gari!"

"Ameshuka wapi?"

"Pale njia panda, tumekwama nyuma ya tramu. Amekaa kimya njia nzima, mara anafungua mlango. Lahiri anamshika shati, shati linachanika. Anasema hawezi kusaini. Anasema..." Haradhan akashika magoti yake, akavuta pumzi. "Anasema hasaini juu ya kichwa cha mama wa mtu. Anasema Poltu ameapa uongo kwa ajili yake. Karukia tramu, akaondoka. Watu wa Garden wako kila kona, na ofisi inafungwa baada ya dakika hamsini!"

Ndoo ilifurika. Hakuna aliyelifunga lile bomba. Watu arobaini walinizunguka, na safari hii Gora hakuwa na utani.

"Uongo gani?" akauliza Nitai. "Poltu, uongo gani? Picha ipo au haipo?"

Nilifungua mdomo. Nilitafuta la kusema, na ninaapa, ingawa najua kiapo changu leo hamkitaki, sikuwa nimechagua bado kama ni kweli au uongo mwingine.

Haradhan hakuningoja. Alinipita kama nguzo, akaenda mpaka barazani, akapiga magoti mbele ya mama yangu na soksi yake iliyochanika.

"Mama," akamwambia. "Wewe tutakuamini. Uongo gani?"

Mama akainuka. Akavuta upindo wa sari mpaka kwenye paji la uso, akasogea ukingoni mwa baraza, mahali ambapo watu wote wangemsikia.

"Mama, ngoja!" nikaita kutoka bombani. "Niache niseme mimi!"

"Wewe kaa kimya, Poltu," akasema, bila kunigeukia. "Umeshasema vya kutosha."